Mkuku wa Bi Helen

Kilichonitoa nyumbani ni simu ya Yaya Riziki, dada yangu mkubwa anayeishi Alief, kule Houston. Yeye humtunza mjane mmoja, Bi Helen, mwenye mashua ya tanga inayofungwa kwenye ghuba ya huko. Mkuku wa mashua hiyo, yaani lile pande la chuma linaloshuka majini ili isipinduke, hupandishwa na pampu ya kusukuma mafuta, na sasa ulikuwa umegoma kupanda. Jumapili ulitarajiwa upepo wa kaskazini. Ukivuma, maji ya ghuba hupungua. Mashua ingeukalia mkuku wake kwenye tope na kuuvunja. Mafundi wa huko walikuwa na kazi hadi wiki iliyofuata. Nikamkumbusha Yaya kwamba mimi natengeneza forklifti ghalani, zile mashine zinazoinua mizigo kwa nguvu ya mafuta, na sijawahi hata kupanda mashua.

"Mafuta ni mafuta," akasema. "Weye kuja tu."

Jumamosi alfajiri niliondoka kwangu Mansfield. Barabara ya Houston imenyooka, inaleta usingizi. Niliimba nyimbo za kwaya mpaka sauti ikakauka.

Saa nne asubuhi, Alief. Yaya alinilisha bugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, kana kwamba nimekuja kwa miguu. Aliniambia Bi Helen hakuwa akila vizuri tangu mkuku ukwame. Mashua ile aliiendesha na kuitunza mwenyewe miaka mingi, hadi baridi yabisi ilipomkunja vidole.

Saa sita tulifika gatini, sisi watatu. Bi Helen aliketi kwenye kiti ndani ya mashua, karibu na pampu, akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu nianze kwa kutazama mafuta. Niliitikia kwa heshima, kisha nikaanza kwa kufungua mota ya pampu. Nilipoteza saa nzima. Mota ilikuwa nzima kabisa.

Nilipofungua tangi, mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Bi Helen hakunisuta. Alimwomba Yaya anipe kitambaa.

Tuliyamwaga, tukasafisha, tukajaza mapya. Yaya alibonyeza swichi nami nikalegeza nati ndogo ya kutolea hewa, mpaka mafuta yakatoka bila povu. Mkuku ukapanda shubiri moja, ukakwama. Nikamwambia Yaya aendelee kubonyeza.

"Usiulazimishe," Bi Helen akasema. "Kuna makombe ya baharini yameota kwenye nafasi yake. Ushushe kidogo, halafu upandishe."

Aliinama, akaweka kiganja juu ya sitaha, akafumba macho, akawa anasikiliza. Kila pampu ilipobadilisha mlio aliinua kidole kimoja kilichopinda, nasi tukashusha. Mara ya saba mkuku ulipanda wote. Bi Helen aliondoa kiganja, akamwuliza Yaya kama sombe imebaki.

Jumapili, baada ya ibada, tulirudi gatini. Upepo ulikuwa mkali na maji yamekimbia, lakini mashua ilielea. Bi Helen alinikumbatia, akasema mafuta yatazamwe tena baada ya miezi mitatu na ananisubiri mimi.

Nilirejea Mansfield jioni nikijionea aibu kidogo. Miaka yote ghalani nilikuwa nawafukuza madereva wa forklifti wasinisumbue nikizitengeneza. Jumatatu dereva mmoja alikuja kulalamika kwamba forklifti yake inalia. Niliweka spana chini, nikamwomba aniigizie mlio wake.