Mama wa Masjala

Siku hizi mafaili ya hospitali yetu yamehamia kwenye wingu la mtandaoni, na simu hunitumia namba ili nithibitishe kuwa mimi ndiye mimi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mama wa masjala. Funguo zilimning'inia kiunoni, na alikukagua kupitia juu ya miwani na kukuuliza maswali hadi ukajishuku mwenyewe. Siku moja mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki naye, alikuja kutaka kuchungulia majibu ya vipimo vya mkewe.

"Dada, yaani hunijui?"

"Wewe nakujua. Mwenye faili ndiye simwoni."

"Basi kwangu usikanyage tena!"

Alivua miwani, akaifuta polepole, akanigeukia mimi niliyefuata kwenye foleni, jirani yake wa mlango wa pili.

"Jina la bibi yako, mzaa mama?"