Maua ya Uzi Siku ya Mavuno

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Wengine wakisema mtu wa nyumbani wanamaanisha mama hodari ambaye hata kuni zake zimepangwa kwa urefu. Mimi namaanisha tu kwamba nikishakaa kwenye kiti changu, kunitoa ni kazi ya watu wawili. Tulipohamia Woodley, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mume wangu aliahidi kunionyesha Nairobi yote. Nilimwambia aanze na dirisha la sebuleni, mengine tutaona.

Kupitia dirisha hilo ndipo nilipomwona jirani yetu. Mlango wake wa jikoni ulitazamana na sebule yetu, na kila alasiri alikaa pale kwenye ngazi, miguu kaikunjia upande, mkono wa kulia ukichezacheza bila kupumzika. Kwa siku kadhaa nilidhani ana upele. Hatimaye udadisi ulinishinda, nikavuka kwenda kuazima kiberiti, ingawa changu kilikuwa kimejaa mfukoni mwa aproni.

Hakuwa akijikuna. Alikuwa anafuma kroshia, na pajani mwake lilikuwa limelala ua la alizeti, la njano na kahawia, kubwa kama kisahani cha chai.

Mimi kroshia nilikuwa nimeisoma. Ndiyo, nimeisoma! Shule ya sekondari tulifundishwa sayansi kimu, na mwalimu wetu alituchorea kroshia ubaoni kwa chaki, mishale ikienda huku na huku. Nilipata alama nzuri sana katika kuchora mishale. Lakini sikuwa nimewahi kuona kitu kama nilichokiona pale ngazini. Ni uzi mmoja tu. Hakuna kukata, hakuna gundi. Sindano yenye ncha iliyopinda inaingia kwenye kitanzi, inavuta kitanzi kingine, basi, hiyo ndiyo habari yote. Kitanzi kinazaa kitanzi. Unaangalia na unaona ni uzi, bado ni uzi, bado ni uzi, halafu unapepesa macho na hapo mbele yako kuna petali, imejikunja ukingoni kama petali inavyopaswa kujikunja, na hujui ilifika saa ngapi. Nilisahau kiberiti. Nilirudi kwangu jua likizama, na mume wangu akauliza kama nilipotea njia ya kutoka kwa jirani.

Basi nikawa mwanafunzi wake. Yeye alitoka upande wa magharibi, mumewe alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na watoto wao walikuwa tayari wanakwenda shule. Alikuwa mwalimu mvumilivu kwa mikono na mkatili kwa mdomo.

"Jirani, hii ni waridi ama ni kabeji?"

"Ni waridi."

"Haya. Tutaikata tuipike na nyama."

Nyumba zetu zote mbili zilijaa vitambaa. Makochi yalivaa, meza ikavaa, redio ikavaa kofia yenye maua pembeni mpaka taarifa ya habari ikawa inatoka kama inapigiwa ndani ya blanketi. Mume wangu alikataa kulala usingizi wa mchana kwenye kochi. Alisema akisinzia ataamka amevalishwa.

Sasa, kanisani kwetu, karibu na Ngong Road, kulikuwa na Jumapili ya mavuno. Kila nyumba ilileta kitu kilichotoka shambani, na hukuweka tu chini ukaondoka. Ulitembea mpaka mbele, ukageuka, ukasema umeleta nini na kimetoka wapi. "Nimeleta ndizi kutoka shambani kwangu." "Nimeleta mahindi kutoka Ngong." Vitu vyote vilipelekwa baadaye kwa wazee wasio na watu na kwa wodi ya watoto hospitalini.

Mimi sikuwa na taabu. Mama yangu alikuwa na shamba Dagoretti, na kila mwaka alinipa gunia dogo la viazi. Sijawahi kushika jembe nikiwa na akili timamu, lakini nilisimama pale mbele na kutangaza viazi vyangu kama mtu aliyeamkia palizi.

Jirani yangu alileta nyanya. Alizinunua sokoni Jumamosi, akazipangusa moja moja, na Jumapili akaenda mbele akasema, "Nimeleta nyanya," kisha akarudi kitini upesi kabla mtu hajangoja sehemu ya pili. Mwaka mmoja, tukiwa tumekaa, sauti ya mama fulani nyuma yetu ikasema polepole, "Za shamba la sokoni." Watu wawili watatu wakacheka chini ya kofia zao.

Nilidhani hakusikia. Tulipokuwa tunarudi kwa miguu, karibu na nyumbani, akasimama katikati ya njia.

"Unajua jirani, mimi hapa Nairobi sina udongo hata wa kujaza kikombe. Shamba ya kwetu iko mbali, na wanaolima ni shemeji zangu. Sasa mimi mavuno yangu ni nini? Kila mwaka naenda mbele ya Mungu na jasho ya mtu mwingine. Mwaka ujao nitaleta kitu imetoka kwa hii mikono, ama sitaenda mbele kabisa."

Na hakuwa mtu wa kusema maneno ya kupitisha wakati.

Mwaka mzima alifuma maua. Aliamua kila mtoto wodini apate lake, la kusimama kando ya kitanda. Tulikwenda naye mjini, Mtaa wa Biashara, kwenye duka la Mhindi lililokuwa na mabunda ya uzi kutoka sakafuni hadi darini, na akachagua rangi kama mtu anayechagua mchumba, akiupeleka kila uzi mlangoni kwenye mwanga na kuurudisha. Alifuma mawaridi, alizeti, na maua ya jakaranda ya zambarau ambayo aliyaunganisha kwenye waya mpaka yakaning'inia kama tawi lenyewe. Mimi nilipewa kazi ya kuzungushia waya uzi wa kijani. Majani pia nilijaribu. Alisema nitulie na waya.

Hapo ndipo palipoingia sukari. Vitambaa vya kawaida ukitaka vikakamae unavichovya kwenye maji ya wali au wanga wa muhogo, kwa sababu kazi yao ni kulala tu kwenye kochi. Lakini ua lazima lisimame. Tulisikia kwamba sukari iliyochemshwa inagandisha uzi kama ubao.

"Tutie kiasi gani?" niliuliza.

"Mpaka mwiko usimame peke yake."

Tulitia, na tukaongeza kidogo. Tuliyachovya maua, tukayavalisha juu ya balbu za taa zilizoungua ili yashike umbo, tukayaanika jikoni kwake. Ilikuwa miezi ile ya baridi ya Nairobi ambapo jua linajificha kama mdaiwa, na hakuna mdudu anayethubutu kutoka. Yalipokauka, ukigonga petali kwa ukucha ilitoa sauti. Siku ya mwisho alinionyesha yote kwa pamoja, ndani ya kikapu kipana. Nilinyoosha kidole, nikakirudisha. Niliogopa yatastuka.

Jumapili ya mavuno yenyewe, jua lilitoka. Jua kweli, la kwanza baada ya wiki nyingi. Mlangoni mwa kanisa alisimama mzee mmoja wa kanisa, mwenye shamba upande wa Kikuyu, mrefu, koti zito la msimu wote. Yeye ndiye aliyepokea vitu na kuelekeza vikae wapi.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni maua, mzee."

"Naona uzi."

"Ni maua ya uzi."

Akainama, akaangalia vizuri, wala hakudharau. Ndiyo maana iliuma zaidi. "Ni kazi safi. Lakini mavuno ni kitu kilichoota, mama. Haya yameota wapi?"

Jirani yangu akalishika kapu kwa mikono miwili. Mimi, na sekondari yangu yote, nikatazama viazi vyangu.

"Weka pale barazani," mzee akasema kwa upole, "tutayafikiria baada ya ibada."

Jirani akaliweka kapu kwenye ukuta mfupi wa baraza, kando ya mlango wa ubavuni, juani. Tukaingia. Zamu yangu ilipofika nilikwenda mbele nikasema, "Nimeleta viazi kutoka Dagoretti," na kwa mara ya kwanza sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliyeshikwa na kuku si wake. Yeye hakwenda. Alikaa na mikono juu ya mapaja, imetulia. Sijawahi kuona mikono ile imetulia, na sikupenda kuiona.

Katikati ya wimbo tulisikia mvumo. Nilidhani ni sauti za besi zimepotea tena, lakini wimbo uliisha na mvumo ukabaki. Waliokaa karibu na mlango wa ubavuni wakaanza kusogea, kofia moja, kofia nyingine, benchi zima. Nikanyoosha shingo.

Nyuki walikuwa wamekuja kwenye kapu. Mbele kabisa, kando ya altare, kulikuwa na mitungi ya maua mabichi yaliyotoka kwenye bustani za mtaa wa Karen, meupe, yenye umande. Hawakuyaendea. Walikuwa nje pale wakitembea juu ya petali za uzi, wakiingia katikati ya alizeti kichwa kwanza, wakitoka, wakihamia jakaranda. Nilijua ni sukari. Nilikuwepo mwiko uliposimama! Na bado vinyweleo vya mikono yangu vilisimama vyote.

Mzee akaondoka kitini kwenda kufunga mlango. Jirani yangu akamtangulia. Alitoka nje, na mimi nikadhani, basi, anakwenda zake nyumbani na hatarudi tena hapa. Kumbe akarudi ndani na kapu amelikumbatia kifuani.

Alitembea katikati ya kanisa polepole, hakuna kinachomharakisha. Nyuki walikuwa kwenye maua, kwenye viganja, mmoja akipanda taratibu kwenye mkono wa blauzi yake kama anayepima kitambaa. Hakuna mtu aliyekohoa. Hata watoto wachanga walinyamaza, na mpaka leo hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wananikatalia. Mimi nilisimama ili nimsindikize kama rafiki wa kweli. Nilifika nusu ya kusimama. Hapo nikakumbuka kwamba mimi ni mtu wa nyumbani, nikarudi chini.

Akaliweka kapu mbele, kati ya viazi vyangu na ndizi za watu. Akageuka.

"Nimeleta maua," alisema. "Yametoka Woodley."

Kasisi alirudi nyuma hatua moja, akayaombea jicho moja wazi. Yalikuwa maombi mafupi kuliko yote niliyosikia kutoka kwake.

Kule wodini, baadaye, muuguzi mkuu aliamuru yaoshwe kwanza, na yalipooshwa yakalegea yote. Niliona ni msiba. Watoto hawakuona msiba wowote. Waliyakunja ngumini, wakayalalia, mmoja akafungiwa la jakaranda kwenye mguu wenye plasta. Yangesimama kando ya kitanda, nani angeyagusa?

Lakini hiyo ilikuwa katikati ya wiki. Ninachotaka kumaliza nacho ni cha Jumapili ile ile, nje ya kanisa. Nilimkuta jirani kwenye ngazi akijipangusa viganja vilivyonata.

"Hawakukuuma?"

"Hata mmoja."

"Lakini ilikuwa sukari," nikamnong'oneza, kama mtu anayetoboa siri ya serikali.

"Najua ni sukari. Nani aliipika? Si mimi?"

"Kwa hivyo si muujiza."

"Nani amesema muujiza? Nyuki ameona chakula, amekuja. Wewe jirani ukiwekewa keki, unangoja barua?"

Tulikuwa tunacheka mzee alipotufikia, kofia mkononi.

"Mama," alisema, "mimi ninafuga nyuki. Wale walifuata utamu."

"Ndiyo, mzee. Ni sukari. Tuliizidisha."

Aliitikia kwa kichwa, akaonekana kufurahi kwamba hakudanganywa. Lakini hakuondoka. Aliigeuzageuza kofia. "Sasa nyuki tumewaelewa. Swali langu bado ni lile la asubuhi. Lile ua limeota wapi?"

Jirani yangu alimtazama. Kisha akafungua mkoba, akatoa sindano na kibunda cha uzi mwekundu, akakaa vizuri kwenye ngazi. Hakueleza chochote. Alianza na kipete kidogo kisichotosha hata kuingia kidole cha mtoto. Kitanzi, kitanzi ndani yake. Mzee akainama. Kipete kikawa kitovu, kitovu kikazungukwa, na upande mmoja kitu kikaanza kujitokeza, chembamba, kisha kikapanuka. Mzee akachuchumaa kabisa, koti lake likagusa vumbi, akauweka uso karibu kama mtu anayeangalia kama mbegu imepasua udongo. Petali ya kwanza ikajikunja. Ya pili ikaanza mgongoni mwake.

Watu walikuwa wanaondoka. Mke wa mzee akamwita kutoka barabarani, kwamba gari la kwenda kwao linajaa na wataachwa.

Mzee hakugeuka. Aliinua tu mkono mmoja, kiganja wazi, kumzuia.

"Ngoja kidogo," alisema. "Bado linaota."