Akala Moja kwenye Cheni ya Taimingi

Nasema mapema ili tusisumbuane: mimi ni mtu wa hasira. Miaka yote niliyotengeneza magari pale Nkubu, wateja walinivumilia kwa sababu moja tu, nayo ni sikio langu. Mtu angewasha gari huko barabarani, mimi nimelala chali chini ya gari lingine, nami ningemtajia ugonjwa kabla hajazima. Hiyo ni tapeti. Hiyo ni beringi. Na kama ni cheni ya taimingi, nilitoka huko chini na mafuta yangu mikononi nikamgombeza kabisa.

Cheni hiyo haionekani. Iko mbele ya injini, ndani ya kava, na kazi yake ni kuunganisha shafti ya chini na ile ya juu ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Ikilegea, inakwambia. Asubuhi injini ikiwa baridi, ukiiwasha tu, itakwaruza sekunde mbili tatu, kre-kre-kre, halafu oili inapanda na kelele inanyamaza. Hapo ndipo watu hudanganyika, wakadhani imepona. Mbishi nilimwonyesha kwa macho yake. Nilitoa kifuniko cha distributa, nikamwambia atazame ile rota ndogo iliyo ndani, inayozungushwa na shafti ya juu, kisha nikashika puli ya shafti ya chini kwa spana na kuizungusha huku na huku. Puli inakwenda, rota imelala. Puli inakwenda tena, ndipo rota inashtuka. "Unaona huo uvivu?" nilimwuliza. "Hiyo ndiyo cheni yako. Usithubutu kwenda nayo mbali."

Na mimi mwenyewe nilikuwa na pikapu iliyokwaruza kila asubuhi. Kinyozi hajinyoi.

Aliyeisikia kwanza alikuwa mke wangu, ambaye hakujua hata bisibisi hufunga au hufungua. Alikuwa Mmbeere wa upande wa Ishiara, mwembamba, mwenye mdomo mwepesi. Alitoka jikoni na sufuria mkononi, akasimama na kuinamisha kichwa. "Mzee, hiyo pikapu yako inasaga mahindi." Nikamwambia aache mambo ya injini, aangalie maziwa yasimwagike. "Haya, fundi wa watu," akasema. "Siku itakuacha njiani nitacheka mpaka nilale chini." Siku zile alikuwa ameanza kuhema akipanda kutoka kisimani, na hilo pia nilimwambia ni uvivu wa watu wa nchi ya joto, hawajazoea milima. Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Sasa lazima nieleze habari ya ukwe, la sivyo hamtaelewa kilichotokea. Familia ya mke wangu ilikuwa ya kanisa, lakini kwa heshima ya ukwe walishikilia ya zamani. Mimi na mama mkwe hatukusalimiana kwa mkono. Hatukuketi karibu. Hakunipa kitu mkononi wala mimi sikumpa. Ulikiweka chini, ukasogea, mwenzako akaja kukichukua. Na hatukusemeshana moja kwa moja. Mke wangu ndiye aliyekuwa ulimi wetu. Ningesema, "Mwambie mama chai ni tamu," na mama yuko pale pale, hatua tatu tu, ananisikia vizuri. Naye angejibu, "Mwambie bwana yako aongeze." Mke wangu aliona hayo kuwa kichekesho kikubwa. Wakati mwingine alibadilisha maneno makusudi. "Mama anasema umenenepa kama fahali wa mnada." Mama mkwe alifunika uso kwa leso huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nilimpenda mama yule, na naamini alinipenda, ingawa katika miaka saba hatukuwa tumeambiana hata habari za asubuhi.

Ilikuwa miaka ya themanini, moyo wa mke wangu ulipochoka kabisa. Tulimlaza hospitali pale Nkubu. Daktari alinitoa nje, akaniambia kwa upole kwamba kama kuna mtu ambaye mgonjwa angependa kumwona, aitwe sasa, si wiki ijayo. Nilirudi ndani nikajaribu kuchangamka. Hakunipa nafasi hiyo. Alishika kidole changu kimoja, hicho tu, akasema, "Niletee mama."

Kulipopambazuka niliiwasha pikapu. Ikakwaruza, na safari hii haikunyamaza baada ya sekunde tatu. Nilisimama pale nimeshika mlango, na ninyi mliosoma hadi hapa mnajua nilichokisikia, maana nami nilikijua. Nikasema itafika. Nikateremka kwa njia ya chini, ya Mitunguu na Chiakariga, iliyokuwa mawe matupu wakati huo, na ikafika Ishiara salama. Hiyo ndiyo iliyonipa kiburi.

Mama mkwe alikuwa akipepeta pojo uani. Nilisimama langoni, nikaligeuzia uso zizi la mbuzi na kusema, kama mtu anayezungumza na mbuzi, "Mtoto yuko hospitali. Anamwita mama." Ungo ukatua chini. Hakuuliza lolote, na angeuliza kupitia kwa nani? Alichukua kiondo chake na leso, akavaa akala zake, vile viatu vya kukatwa kutoka kwa tairi, akaja. Pikapu ile ilikuwa na kiti kimoja tu cha mbele, na bega la mkwe halikai karibu na bega la mama mkwe. Kwa hiyo alipanda nyuma, akaketi juu ya gunia tupu na kuegemea kabini. Nilimwona katika kioo, mgongo tu na kitambaa cha kichwa, mwendo wote.

Tulipita Chiakariga vizuri. Katika mlima uliofuata pikapu ikaanza kupoteza nguvu, ikapiga chafya kupitia kabureta, ikatoa mshindo mmoja, ikafa. Niliijaribu. Stata ilizunguka, moto haukushika. Nikafungua distributa, nikaweka spana kwenye puli. Rota ililala hata nikaona aibu kuitazama. Cheni ilikuwa imeruka meno.

Lakini haikuwa imekatika, na valvu hazikuwa zimepinda. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Vifaa vyote nilikuwa navyo. Nilikinga maji ya rejeta kwenye karai maana nchi ile haina maji ya kuchezea, nikatoa rejeta, nikatoa feni. Nilikuwa nimeikalia nati ya puli kwa uzito wangu wote lori lilipotokea, limebeba mchanga, likipanda kuelekea Nkubu.

Dereva alikuwa mteja wangu. Nilikuwa nimemgombeza mwezi mmoja tu nyuma, kwa cheni hiyo hiyo. Alisimamisha lori, akachomoza kichwa, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Wee, fundi! Kumbe hata wewe unashikwa!" Halafu akaona mama amekaa kivulini, akaacha kucheka. "Nina nafasi moja hapa mbele, kati yangu na utingo. Wacha nimfikishe mama Nkubu. Saa saba tuko huko."

Acheni niseme ukweli, nimeubeba muda mrefu. Mambo mawili yalinipanda kichwani kwa pamoja. La kwanza, kicheko. Kuchekwa ni kitu kimoja, kuchekwa mbele ya mama mkwe ni kingine kabisa. La pili, nililiita heshima: mama mkwe wangu abanwe katikati ya wanaume wawili wasiomjua, bega kwa bega, na mimi mkwe wake nimeketi hapa na spana? Watu wangesemaje? Wakati huo huo mama alisimama. Alifunga leso yake upya kiunoni, akashika kiondo. Nilimwona. Nikajiambia anahama jua.

Mtu mwingine yeyote angegeuka amwulize, "Mama, unataka kwenda?" Maneno matatu. Sikuwa nimewahi kumwuliza neno hata moja maishani, na aliyekuwa akituulizia alikuwa kitandani Nkubu.

"Nusu saa tu nimemaliza," nilimwambia dereva. "Nenda zako."

Lori likaenda. Mama akabaki amesimama kidogo, kisha akaketi.

Nusu saa! Nusu saa ilikwisha nikiwa bado napigana na nati. Nilipotoa kava ndipo nilipouona ubaya wenyewe. Kikaza cheni, kile kipande cha mpira kinachoisukuma cheni isicheze, kilikuwa kimeliwa mpaka chuma. Kurudisha cheni kwenye alama zake ni kazi ndogo: unazungusha gia mbili mpaka nukta zake zitazamane, unavisha cheni, basi. Lakini bila mpira ule ingeruka tena kabla ya kilima cha pili. Nilipekua sanduku la vifaa. Nikapekua chini ya kiti. Nilitukana sanduku, nikaitukana pikapu, nikalitukana hata jua. Halafu nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia. Mimi mtu mzima na ndevu zangu, nikalia mbele ya mama mkwe.

Nilisikia kitu kikiwekwa chini. Nilipoinua macho, mama alikuwa ameshasogea, amenipa mgongo. Kwenye jiwe, hatua mbili kutoka kwangu, palikuwa na akala yake ya kushoto.

Hata leo sijui alijuaje. Labda alikuwa akitazama mikono yangu muda wote ule, jinsi nilivyokuwa nikikishika kile chuma kilicholiwa na kukigeuza. Niliikata soli kwa kisu, nikatoboa matundu mawili, nikaifunga juu ya kikaza kwa waya wa chuma. Gasketi niliikata kutoka kwa katoni na kuipaka grisi. Nilipokuja kuweka cheni mpya, majuma mengi baadaye, nilikitoa kipande kile. Kina alama za cheni, pini kwa pini. Nimekiweka katika mkebe wa nati na sijakitupa.

Injini ilishika saa nane. Ilinguruma laini, ajabu, laini kuliko ilivyokuwa kwa mwaka mzima, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa dakika moja nilikuwa fundi hodari aliyetengeneza cheni mlimani kwa akala. Nilitamani kumsimulia mke wangu. Niliona kabisa atakavyocheka, jinsi atakavyomwambia mama, "Amekuvua kiatu, huyu mwizi!" Niliendesha polepole nisije nikaivunja tena, na njia nzima nilikuwa nikipanga namna ya kumsimulia.

Tuliingia hospitali saa kumi. Mama alitangulia. Alipita ukumbi ule mrefu na akala moja, mguu mmoja ukilia tap, mwingine kimya, na watu kwenye mabenchi wakimtazama miguu.

Kitanda kilikuwa kimezungushiwa pazia. Muuguzi, binti mpole, alinishika mkono kabla sijaligusa. "Alituacha saa nane na nusu," akasema. "Tangu asubuhi alikuwa akiuliza mama amefika wapi. Mimi nilimwambia mko njiani." Nilihesabu, nani asingehesabu? Saa saba, alisema yule dereva.

Muuguzi alitufungulia pazia, akatuacha. Mke wangu alikuwa amelala chali, mikono imewekwa vizuri, kichwa kimegeukia mlangoni. Mama alisimama upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine. Hatukuwahi kuwa karibu hivyo. Hakupiga mayowe. Alimpangusa binti yake paji la uso kwa pembe ya leso, taratibu, kama anayempangusa mtoto aliyetoka kucheza.

Ilinibidi niseme neno. Na mdomo wangu mpumbavu haukujua njia nyingine ya kumfikia mama yule ila ile ile ya miaka saba. Nilimtazama mke wangu usoni, nikasema, "Mwambie mama, pikapu iliharibika."

Mama hakuinua macho. Aliendelea kumpangusa. Kisha naye akasema na binti yake, kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, na afadhali angenitukana:

"Mwambie bwana yako, nilikuwa nimeshasimama nipande lile lori."

Nilisikia kila neno. Nami nikabaki nimesimama pale na mafuta yangu mikononi, nikingoja mke wangu anigeukie, aniambie.