Mbuzi Aliyenunuliwa Mara Tatu

Mtaani kwetu Lodwar, mtu akiugua, kitu cha kwanza kutafutwa ni hema. Cha pili ni viti vya plastiki. Cha tatu ni mimi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na Mungu alinipa mdomo usiohitaji kipaza sauti, ingawa nikipewa sikatai. Nimekuwa emsii wa harambee za kila aina: paa la kanisa, karo, maiti aliyekwama mochari, jezi za timu ya mpira ambayo sijawahi kuiona ikishinda. Nimesema "kutoa ni moyo, si utajiri" mara nyingi mno, hadi wanafunzi wangu wanadhani methali hiyo niliitunga mimi.

Harambee ninayoisimulia hapa ilikuwa ya jirani yangu. Ua wake na wangu zinashikana. Anauza samaki wakavu sokoni, na mwaka huo alikuwa na uvimbe tumboni uliokua polepole mpaka wateja wakaanza kumpongeza na kumwuliza anatarajia lini. Hakuwa anatarajia chochote. Daktari alimpa siku ya kupasuliwa Eldoret, akamwambia kwamba akiikosa siku hiyo atasubiri sana, na uvimbe hautamsubiri.

Asubuhi moja tukianika nguo, kila mtu upande wake wa ua, aliniambia, "Mwalimu, pesa mtapata. Mimi nataka kaka yangu. Yeye akisema nenda, mimi naenda. Kama hakusema, siendi. Mtu hawezi kukatwa na kisu kama mtu hana kwao."

Nilijua habari za huyo kaka. Wazazi wao walikufa mapema, kwa hiyo kaka ndiye baba. Jirani yangu alikuwa akipeleka samaki Kakuma, akakutana huko na seremala Mkongomani wa kambi ya wakimbizi, mtu mpole, mwimbishaji wa kwaya. Wakaoana kanisani. Seremala hakuwa na ng'ombe, ngamia, wala mbuzi; alikuwa na randa, msumeno na Biblia ya Kifaransa. Kaka akasema kwamba mwanamke aliyechukuliwa bila hata kwato moja hajaolewa, amepotea tu kama mnyama anavyopotea machungani. Tangu siku hiyo hakutia mguu kwa dada yake. Hata mume alipopata kibali akahamia Lodwar na kufungua karakana, kaka hakuja.

"Niachie mimi," nilimwambia jirani yangu. Hayo maneno mawili ndiyo yameniponza maishani kuliko mengine yote.

Lakini kwanza nilifanya vizuri. Nilituma ujumbe kwa madereva wanaoleta samaki kutoka Kalokol, wampelekee mzee huyo kule anakochungia karibu na Ferguson's Gulf: dada yako anapasuliwa, kuna mkutano wa kumsaidia, njoo. Jibu lilirudi baada ya siku nne, neno moja tu: atakuja. Jirani yangu alilisikia akaingia ndani, na kutoka upande wangu wa ua nilimsikia akiimba.

Kamati ilikutana mara sita. Katika mara tano kati ya hizo ilijadili fulana. Kulikuwa na wanaotaka nyeupe na wanaotaka buluu, na mmoja aliyetaka picha ya mgonjwa kifuani, mpaka mgonjwa mwenyewe akaomba kwa adabu asivaliwe. Tukatafuta mgeni wa heshima, mheshimiwa ambaye sitamtaja, na yeye akakubali haraka, jambo ambalo lingetutia wasiwasi kama tungekuwa na akili.

Kadi ya mwaliko ilisema saa nne asubuhi. Sote tuliosoma kadi hiyo tulijua maana yake ni saa saba. Kaka hakusoma kadi. Saa tatu na nusu alikuwa pale uwanjani, kabla ya viti, kabla ya hema, kabla yangu. Alikuwa ametembea siku mbili. Fimbo mkononi, kigoda chake kidogo cha mti, na kamba, na mwisho wa kamba mbuzi dume mnene aliyehasiwa, mweupe, kichwa chekundu. Tukasalimiana, "Ejok," "Ejok-noi," nikamletea kiti cha plastiki, akakitazama kwa huruma akakalia kigoda chake.

Jirani yangu alipomwona alijifunika uso kwa leso. Akanishika mkono akanibana hadi nikaumia. "Ameleta mbuzi, Mwalimu," alininong'oneza. "Ameona mume yangu, na ameleta mbuzi."

Nikafurahi naye, lakini nilifurahi kijinga. Nilidhani anafurahia mbuzi kama kamati ilivyomfurahia. Mwenyekiti alikuwa tayari amekwisha kumfungia utepe shingoni.

Kwaya ya Wakongomani ilifika kutoka Kakuma ikaimba. Ikaimba mpaka nyimbo zikaisha, ikaanza tena ya kwanza. Saa saba na nusu mheshimiwa akafika na magari matatu, akaomba radhi kwa sababu ya barabara, kana kwamba sisi wengine tulipitia angani. Akahutubia. Akahutubia tena. Halafu nikapewa kipaza sauti kwa ajili ya mnada.

Kwa yeyote ambaye hajawahi kuhudhuria harambee zetu, mnada wa mbuzi unakwenda hivi. Mbuzi ananadiwa. Mtu mkubwa anamnunua kwa bei ya juu, watu wanapiga makofi. Kisha mtu huyo anasema, "Namrudisha!" na makofi yanazidi, kwa sababu sasa mbuzi atauzwa upya. Mbuzi mmoja mzuri anaweza kununuliwa mara nne na jioni bado yuko palepale anatafuna kadi ya mwaliko. Ni utaratibu mzuri sana. Sikuwahi kuona kasoro yake, na nimeuendesha miaka yote.

Mheshimiwa alimnunua. "Namrudisha!" Uwanja ukalipuka.

Nikamtazama kaka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayejaribu kusikia vizuri zaidi. Sikusimama. Nilikuwa nimepamba moto.

Mara ya pili nilimnunua mimi mwenyewe, kwa mshahara wangu na hisia zangu, ili niwaonyeshe watu kwamba hata mwalimu anaweza. "Namrudisha!" nikapaaza sauti, nikajishangilia mwenyewe kwenye kipaza sauti.

Mara ya tatu sikuona mtu mwingine wa kumchokoza ila mume. Nikamwita mbele. Wanakwaya wenzake wakamchangia papo hapo, akamnunua, akapewa kamba mkononi. Akasimama tu, amemshika mbuzi, anatabasamu, hajui la kufanya. Mkono wake mwingine ulikuwa mgongoni mwa mbuzi, unampapasa. Mimi nikaondoa kipaza sauti mdomoni nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mrudishe, fundi. Sema namrudisha."

Akasema. Akatembea hatua zile chache mpaka kwa shemeji yake, akainama kwa heshima zote, akamwekea kamba miguuni.

Watu walipiga makofi kuliko wakati wowote siku hiyo. Kaka aliiokota kamba. Akafungua utepe akauweka juu ya kiti cha plastiki kilichokuwa kitupu. Akachukua kigoda, akamvuta mbuzi wake, akaondoka uwanjani bila haraka, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema kwenye kipaza sauti, "Mzee anampeleka mbuzi kunywa maji, tumpigie makofi!"

Harambee ilifaulu. Kila kitu kilitosha: hospitali, nauli, hata fulana. Mwenyekiti alinikumbatia. Nilikuwa bado nimekumbatiwa nilipomwona jirani yangu amekaa chini, si kwenye kiti, ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Alileta mbuzi kwa mume yangu," alisema. "Ili tuwe watu wake. Mume yangu amemrudishia mbele ya watu wote. Wewe ulimwambia arudishe. Nilikuona mdomo."

Mimi ni Mturkana wa damu. Baba yangu alichunga. Nilijua tangu utotoni kwamba mnyama akitolewa, anapokewa, na anayemrudisha ametamka kwamba hataki undugu. Ningeulizwa kwenye mtihani ningepata alama zote. Lakini nilikuwa na kipaza sauti mkononi, na aliyeshika kipaza sauti hajiulizi maswali.

"Mimi siendi Eldoret," akasema. Na hakuwa anatisha mtu. Kesho yake alirudi sokoni na samaki wake.

Zilibaki siku tisa kabla ya kupasuliwa. Kamati ilipendekeza barua. Mimi na seremala tukapanda boda boda hadi Kalokol, na kutoka pale tukatembea kwenye mchanga mpaka tukaliona boma. Kaka alitupokea, kwa sababu mgeni hafukuzwi. Chai ya maziwa ikaja. Mbuzi alikuwa pale, karibu na wenzake, na nitasema ukweli: niliona haya kumtazama.

"Muzee," seremala akaanza, "mi nilizani njo desturi ya huku. Baliniambiya nirudishe, nikarudisha. Kwetu Kongo mutu akikupatia mbuzi, unashukuru, unamufunga. Nilitaka kumufunga. Nilikuwa najuwa bibi yangu atafurahi."

Kaka akanigeukia mimi. "Wewe ndiye yule napiga kelele?"

"Ndiye mimi, Apa," nikasema, yaani baba.

"Dada yangu alikuambia anataka nini?"

"Aliniambia."

"Kabla ya kelele?"

"Kabla."

Akanywa chai yake yote. Nimekaripiwa na wakaguzi wa shule, nimekaripiwa na askofu, na hakuna aliyewahi kunikaripia kama mzee yule alivyomaliza kikombe kile.

"Wale watatu wamekataa mbuzi yangu," akasema mwishowe, "wakuje hapa. Wakule yeye. Dada akuje. Kisha tutaona."

Mimi na seremala tulikuwa wepesi kupatikana. Mheshimiwa ndiye alikuwa kazi. Nilimpigia simu mara nyingi, nikaambiwa yuko mkutanoni, yuko Nairobi, yuko njiani, kisha nikaambiwa kwamba jambo langu limezingatiwa. Siku ya kula alifika kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi na viatu ving'aavyo vilivyokuwa vikizama mchangani, akaanza kusoma salamu kutoka kwenye karatasi.

"Huyu ndiye alikataa mbuzi?" kaka aliuliza.

"Hapana, Apa," nikasema. "Anamwakilisha."

"Yeye mwenyewe hana tumbo?"

"Ana kazi nyingi."

Mzee akafikiri. "Basi huyu akule yake, na akule ya mkubwa wake pia."

Na yule kijana akala mara mbili, chini ya macho ya boma zima, nyama yenye mafuta ya kumtosha mtu kwa juma. Hakuna aliyecheka ila mimi, nami nilicheka moyoni tu, kwa sababu nyama yangu ilikuwa bado mkononi na zamu yangu ya kutazamwa ilikuwa inakuja.

Baada ya kula, kaka alichukua majani yaliyosagika kutoka tumboni mwa mbuzi, akampaka dada yake kifuani na juu ya uvimbe, akimbariki polepole kwamba aende, na wazee wakiitikia. Kisha akamwita seremala. Mimi nilimjua seremala. Nilishawahi kumsikia kanisani Kakuma akihubiri dhidi ya mambo haya haya kwa muda wa saa nzima, na kwa Kifaransa ilipobidi. Alivua miwani. Akafungua vifungo vya shati, akainama, akapakwa. Jirani yangu aliangua kilio, na mimi nikalia naye, na kwa mara ya kwanza katika mkusanyiko wowote hakuna aliyenitaka niseme neno.

Siku ya kusafiri nilikwenda nao hadi kwenye basi. Kaka alikuwa amekuja na kigoda chake na fimbo yake. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kama anakwenda. Alipanda, akaangalia kiti cha basi kwa jicho lilelile la huruma, safari hii akakikalia.

Siku ya kupasuliwa niliingia darasani nimeweka simu mezani, jambo ninalowakataza walimu wengine. Ilipita saa nne, ikapita saa sita. Nilifundisha sehemu za mwili kwa Kiingereza na sikumbuki nilisema nini. Nilikuwa na hofu tupu. Nilijiambia kwamba kama masumbuko ya siku zile tisa yamemuua, basi nimemuua mimi kwa makofi.

Simu ililia saa nane na robo. Ilikuwa namba ya seremala, lakini aliyeongea ni kaka, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika ng'ambo ya ziwa.

"Amefungua macho! Anaomba maji, hawa watu wanakataa. Watu wabaya!"

Nikaketi. Wanafunzi wakanitazama. Nikamwuliza yeye mwenyewe hajambo, amelala wapi, amekula.

"Asubuhi walitaka damu," akasema. "Waliuliza ndugu yake ni nani. Mimi nikatoa mkono." Nikasikia kelele za wodi zikibaki nyuma yake. Alipoendelea alikuwa ameshusha sauti, kama watu wanavyozungumza wakiwa karibu.

"Wamechukua, Mwalimu. Wamechukua yote. Hakuna mtu amerudisha."