Shamba la Bibi Kandokando ya Mto

Mwaka jana nilirudi kijijini kwetu Kasansa kumzika shangazi. Tulipotoka makaburini niliomba maji ya kunawa, nikamiminiwa kidogo kutoka kwenye dumu. "Taratibu, mama," binti wa nyumba ya msiba akaniambia, "yameletwa na pikipiki." Nikauliza mto umekwenda wapi. Akacheka, akidhani natania.

Ungeuona mto ule, rafiki yangu. Miaka ya sabini, tulipohamishiwa wote kijiji kimoja cha ujamaa, watu walilima mpunga hadi kwenye kingo zenyewe. Udongo ukamomonyoka, maji yakawa mekundu, na kiangazi yakabaki madimbwi. Ndipo mwalimu wetu wa kilimo akaanzisha kazi ya kujitolea kila Jumamosi, kupanda miti kingoni. Hakulazimishwa mtu. Kina mama walikuja na majembe, wanaume na mapanga, sisi watoto tukabeba matete na vipandikizi vya mikuyu. Mchana tulikula ugali wa muhogo kwa kambale wa Ziwa Rukwa, tukashushia togwa, mikono bado inanuka tope. Sijala chakula kitamu vile tena.

Tatizo lilikuwa shamba la bibi yangu. Lilikuwa ukingoni, mahali pazuri kuliko yote, na mpunga wake ulisifiwa kijiji kizima. Mama yangu, mmoja wa waliojitolea, ndiye aliyetumwa akamwombe mama yake aliache. Nilikuwepo uani, bibi akipepeta mchele.

"Mama, wenzako wanasema ukiondoka wewe, na wao wataondoka."

"Na nikiondoka nitakula nini?"

"Watakupa eneo kule juu."

"Kule juu kuna mawe, mwanangu. Hata wewe unajua."

Bibi akapuliza makapi, kisha akauliza, "Maji yatarudi?"

"Mwalimu anasema yatarudi."

"Basi nivune huu uliopo, halafu mpande miti yenu."

Alipomaliza kuvuna alikuja mwenyewe na kipandikizi, akakichomeka katikati ya mabua ya mpunga wake, akaenda kukaa pembeni peke yake. Wenzake wakafuata, kingo zote zikaachwa. Na maji yalirudi kweli. Baada ya misimu michache tuliona hadi changarawe chini. Lakini kule juu mahindi ya bibi yalitoka mafupi kila mwaka, na wali, alioupenda kuliko chakula chochote, akawa anaula akiletewa na majirani. "Wali wa kupewa unaliwa kwa adabu," alikuwa akisema, akinawa taratibu. Alifariki mto ukiwa bado unatiririka.

Sisi tukakua, tukaolewa, mwalimu akahamishwa. Jumamosi zikapata shughuli nyingine. Mkuyu mmoja ukakatwa wa kuchomea matofali, kisha mwingine, na mto unakotokea watu wakageuzia maji kwenye majaruba yao ya mpunga. Kila mmoja alikuwa na shida yake ya kweli, siwezi kuwalaumu. Ila hakuna aliyekwenda tena nyumbani kwa mtu kumwomba aache kitu kwa ajili ya wenzake, na sijui leo ungeanza kumwomba nani.

Jioni ile ya mazishi nilishuka mtoni na yule binti. Ng'ombe walikuwa wakipita katikati ya mto, wakitimua vumbi. Akaniuliza shamba la bibi lilikuwa wapi hasa. Nilitazama huku, nikatazama kule. Mchanga ulikuwa umesawazisha kila kitu.

"Hapa hapa karibu," nikamwambia, na nikashindwa kumwonyesha.