Embe za Macho

Mimi ndiye yule mwanamke aliyemlilia bwana arusi wa watu Mishomoroni. Naam, ni mimi, na nikisema sikuwa nikimlilia naona mnavyotazamana, kwa hivyo kaeni niwaeleze mambo yalivyokuwa, maana nimechoka kusimuliwa aibu yangu na watu ambao siku ile hata hawakuwapo.

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha si zamani, na kazi yangu ilikuwa kushona kofia za vito, zile zenye matundu madogo madogo ambayo ukiyatazama kutwa, jioni unayaona hata ukutani. Macho yakawa yananiuma, nikaenda zahanati. Muuguzi, mama mmoja wa Kigiriama mpole sana, akayatazama akaniambia yanataka mapumziko na miwani, na zaidi ya hayo nisikose matunda, machungwa, mapera, embe, kwani yana kitu kiitwacho vitamini C ambacho huisaidia mishipa midogo ya jicho ibaki na nguvu. Akasisitiza kwamba hicho ni chakula cha siku zote, kidogo kidogo, wala si dawa ya leo kwa leo. Hayo ya mapumziko na miwani sikuyasikia. Nilisikia embe.

Basi ikaja arusi ya Zuhura, rafiki yangu tangu tukipika vyungu vya mchanga, akiolewa na Salimu. Salimu huyu alikuwa ameniposa mimi kwanza nikamkataa, si kwa ubaya, ila ana tabia ya kuanza kucheka kabla hajalisema hilo la kuchekesha, nami nikaona maisha ni marefu. Zuhura aliyajua yote na hakuyajali. Lakini watu je? Nilijua nitatazamwa, nikataka macho yangu yang'ae, yasiwe mekundu watu wakapata la kusema. Ndipo asubuhi ile nikakata embe mbichi sahani nzima, nikatia chumvi na pilipili ya unga (embe mbichi bila pilipili ni adhabu), nikala, na zilizobaki nikazifunga kwenye pindo la leso nikawa nazitafuna njiani ndani ya buibui.

Nilipofika, wanawake wamejaa uani, bibi arusi amekalishwa juu, amepambwa, ameinamisha macho kama inavyotakiwa, na mimi nikaketi mbele kabisa ili nionekane sina kinyongo. Jicho la kulia likaniwasha. Nikalifikicha.

Wallahi, nilidhani nimelitia kaa la moto. Nikayafuta macho kwa haraka kwa pindo la leso, na mnakumbuka pindo lile lilikuwa limefunga nini, sasa yakawa yanawaka yote mawili, machozi yanamwagika, wanja unashuka mashavuni mpaka kidevuni. Nikataka kusema ni pilipili, lakini meno yote yalikuwa yameingia ganzi kwa ukali wa embe, likatoka neno ambalo hata mimi sikulielewa. Mwanamke aliyekaa kando yangu akanikumbatia. Wa nyuma wakaanza kuambizana polepole, na wengine (hawa ndio walionimaliza) wakaanza kulia pamoja nami.

Kisha nikasikia sauti ya mama yake Salimu, mtu mzima, mwenye heshima zake, ameniinamia sikioni.

"Nyamaa, mwanangu. Sharia yamruhusu wake wane, na huyu ndiye wa kwanza."

Nikatikisa kichwa kwa nguvu zangu zote. Yeye akaona ni uchungu umenizidi.

Nikasimama nikatafute maji. Sioni kitu, napapasa tu, nakanyaga nguo za watu, na wakati huohuo vigelegele vimepanda na wanawake wanajifunika, nami sikujua kwa nini. Nikakutana na mkono mlangoni, nikaushika kwa mikono miwili, nikasema, safari hii kwa maneno yaliyosikika uani kote, "Usiniache, nakuomba, nishike."

Nikasikia kicheko kikianza kabla ya neno lolote, nikajua ni mkono wa nani.

Vigelegele vikakatika. Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu nikasikia bangili zinakuja, na hapo nikaogopa kweli, kwa kuwa Zuhura nilikuwa naye mmoja tu duniani. Bibi arusi alikuwa ameinuka kitini! Akaubandua mkono wangu kwa mumewe, akaunusa, akakiweka kidole changu kwenye ulimi wake.

"Pilipili," akasema.

Akacheka mpaka na wake wanja ukashuka, akaniosha macho mwenyewe kwa maji ya kunywa ya wageni, na shangazi zake wanamvuta arudi kukaa.

Mnadhani yaliisha? Ijumaa yake mama yake Salimu akaja kwetu, akakaa na mama yangu saa nzima, akamwambia pilipili ni hadithi nzuri ya kusitiri aibu, lakini yeye machozi ya mapenzi anayajua, na nikiwa tayari nimwambie.

Miwani nilinunua. Matunda nala kila siku mpaka leo, machungwa mabivu, kwangu, nikimaliza nanawa kwa sabuni. Na mkinikuta siku yoyote nalia arusini, tafadhalini msinifariji. Nileteeni maji.