Nilimudanganya papa juu ya jumba ya bafalme Wamoro, kidogo maman akose simba zake

Bakubwa ba hii uwanja, jambo kwenu. Mukae vizuri, minaleta kweli tupu. Kama kuna uongo humu, ni ule mimi mwenyewe nilisema, na njo ule ulizaa maneno yote.

Mimi ni mwanafunzi, cinquième secondaire, mwaka wa tano ya sekondari, hapa Kasha. Batu ba kwetu banajua: kinywa yangu haina frein, haijue kusimama.

Dada yangu Solange aliolewa Granada, kule Spania. Mwaka huu alilipia bazazi safari bamutembelee. Akachukua na ticket ya kuingia mu jumba ya zamani ya bafalme Wamoro, Waislamu benye balitawala kule zamani sana.

Maman alilia. Akiwa mutoto, masœur, sista mwenye alimufundisha, alikuwa na picha mu classe: chemchemi ya hii jumba, yenye kubebwa na simba kumi na mbili ya mawe. Miaka yote maman anasema, "Mbele nikufe, nitaona zile simba."

Sasa siku papa anapanga valise, shetani akanigusa.

"Papa, unaenda kwa mwami. Utaingia mikono mitupu? Batakurudisha."

Kwetu Bashi, kwa mwami, njo kusema mufalme, hauendake hivi hivi bila zawadi. Papa hakucheka hata kidogo. Mimi nikaenda kuchekea mu choo.

(Munihukumu polepole. Nilizani atasahau.)

Jumamosi, saa ine ya asubui, Solange anatupigia video. Niko ku salon na tonton Deo, ndugu ya papa. Tunaona maman mu kitenge yake ya bleu, papa mu costume, suti kamili, na mikononi kikapu kikubwa kama mutoto wa miaka mbili. Ndani: kahawa ya shamba yake ya Kalehe, yenye kukaangwa.

Mulinzi ku mulango akatikisa kichwa. Kikapu ni kikubwa sana, kiende kupanga mustari kwa fasi ya mizigo. Na ticket iko na saa yake: saa ine na nusu. Ukichelewa, simba utaziona mu telefone kama siye.

Papa: "Zawadi haiwekwake pamoja na bavalise!"

Solange: "Papa, mwami alishakufa tangu zamani!"

Papa: "Na nyumba yake, si hii? Basi."

Saa ine na dakika makumi mbili. Maman alishika tu sakoshi yake, macho chini.

Nilitaka kusema, "Papa, nilikuwa nachekesha!" Lakini tonton Deo alikuwa pembeni yangu, na mukono yake ninaijua.

Nikapaza sauti mu telefone: "Papa! Kwa mwami, si mwenye kuchunga mulango njo anapokeaka zawadi?"

"Njo vile," tonton akasema, bila kujua ananiokoa.

Papa akamugeukia mulinzi, muzee wa mustache. Akainama kidogo, akamupa kikapu na mikono mbili. Solange anatafsiri, uso umejaa haya. Muzee akafungua, akanusa, akafunga macho. Akaita benzake babili. Kikapu kikaingia mu chumba yao, na yeye mwenyewe akabapeleka bazazi mbiombio mupaka mbele.

Dakika mbili zilikuwa zimebaki.

Kule ndani, papa akaangalia simba: "Hizi ni simba ao ni mbwa benye kushiba?"

"Nyamaza, Papa Solange," maman akasema.

Maman akahesabu na kidole hewani, moja moja, mupaka kumi na mbili. Kisha akashika mukono ya papa mbele ya batu bote. Tonton Deo akageuza macho. Mimi nikachukua capture, picha ya ile video.

Papa akaingiza uso yote mu telefone: "Asante, mwanangu. Bila wewe ningefika kwa batu kama mutu asiye na kwao."

Sikucheka. Nilijifunza hivi: unaweza kumutupia mutu muchezo, yeye akaubeba kama heshima, na mwenye kubaki mudogo ni wewe.

Banarudi juma yenye kuja. Nimuambie papa kweli, ao nikufe nayo? Benye kuwa na papa mukali, muandike kwanza. Tonton Deo hajui hii uwanja, musimuonyeshe.